Kanda ya Uzi Mwekundu

Wanangu wa dukani, leo ni wiki ya tatu tangu nistaafu, na hakuna hata mmoja wenu aliyenipigia simu kuniuliza bisibisi ndogo iko wapi. Ama mmekuwa mafundi kwa ghafla, ama hakuna anayefanya kazi. Mliniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi, nami nilijua mwaniomba kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni aliyekwisha vaa viatu, "Kaa kidogo, chai yaja." Basi nimekaa. Chai ileteni.

Najua hasa mnachotaka. Mwataka kujua kwa nini siku yangu ya mwisho niliwatoa nyote nje, nikafunga mlango, nikabaki ndani na mzee mmoja na ile mashine ya kaseti mnayoiita friji. Mlichungulia kupitia kioo mkamwona mzee analia. Nitafika huko. Ila nitafika kwa njia yangu, maana nyinyi mmezoea kuruka wimbo kabla haujafika kiitikio.

Niliingia duka lile nikiwa msichana, enzi ambayo santuri zilikuwa zimepangwa ukuta mzima na kaseti ndiyo kwanza zinazipokonya nafasi. Mwenye duka, Mzee Shali, hakuniajiri kwa ujuzi wangu. Aliniajiri kwa sababu wanawake waliokuwa wakitoka kununua leso Biashara Street walikuwa wakisimama mlangoni kwake, wakitaka wimbo, na hawakujua unaitwaje. Wangeuimba, lakini wauzaji wote walikuwa wanaume. Wakawa wanaondoka. Mzee Shali aliliona hilo, akatafuta mwanamke wa kuimbiwa. Huyo nikawa mimi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mnene aliyeniinamia sikioni akaniambia, "Nipa ule wa naa-na-naa, na-naa." Nikampa. Alirudi alasiri akiwa amekasirika, akasema nimempa naa-na-naa ya wimbo mwingine kabisa. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi. Siku hizi nyinyi simu yasikiliza wimbo yenyewe na kuwaambia jina, halafu mwasema mmechoka.

Mzee Shali alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa "hapana". Alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba kila asubuhi kabla ya kunywa chai, si baada. Alinifundisha kurudisha utepe kwa penseli, penseli yenye pembe sita, kwa sababu ya mviringo huteleza. Alinifundisha kuvunja yale masikio mawili madogo juu ya kaseti ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake. "Ukisahau masikio," alisema, "harusi ya mtu itageuka taarifa ya habari." Nilidhani anatania. Haikupita mwezi, bwana mmoja akaleta kaseti ya harusi ya bintiye, na katikati ya vigelegele akatokea mtu anasoma bei ya mahindi.

Kazi ngumu zilikuwepo. Kuna mama alileta kaseti iliyotumbukia ndani ya sufuria ya mchuzi wa papa. Msiniulize kaseti ilifuata nini jikoni. Niliifungua kwa bisibisi, nikauosha utepe kwa maji ya vuguvugu, nikautandaza kwa kamba toka mlangoni hadi dirishani, na siku nzima wateja wakawa wanainama kupita chini yake wakinusa na kuulizana nani anapika. Sauti ilirudi yote. Harufu nayo haikuondoka, na mama yule alisema ndiyo kaseti pekee ya taarabu inayomtia njaa.

Sasa nije kwa wale wanaume.

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, baraza ya duka letu ilijaa mashabiki. Walikuwa saba au wanane, watu wazima, wenye kazi zao na kanzu zilizopigwa pasi. Desturi yao ilikuwa moja: kila mmoja huanza, "Wiki hii nimekuwa nikisikiliza...," halafu hutaja santuri au kaseti, na Mzee Shali huipiga kidogo kwenye spika ya mlangoni, na wenzake hutikisa vichwa kama madaktari waliozunguka mgonjwa. Kahawa ikipita, kashata zikipita. Mtu angewaona angesema, mashallah, mji huu una watu wenye masikio.

Tatizo lao lilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyewauzia. Huyu anayesema wiki nzima alikuwa na udi mtupu usio na mwimbaji, kwa sababu maneno humsumbua, mimi nilimfungia kaseti mbili za mipasho Jumatatu, na akaniomba nizitie kwenye mfuko wa rangi nyeusi. Yule anayesema hasikilizi kitu kilichorekodiwa baada ya baba yake kuzaliwa, alikuwa akinijia kila mwezi kuuliza kama nyimbo mpya za vijana zimefika. Nilikaa nyuma ya kaunta nikiwasikia, nikifuta santuri vumbi, nisiseme neno. Muuzaji akisema anachokijua, kesho hana mteja.

Mkweli alikuwa mmoja tu, Bwana Kazungu, Mgiriama aliyekuwa akifanya kazi reli. Zamu yake ikifika alisema, "Mimi wiki hii nimesikiliza kwaya ya kanisani kwetu. Tena kaseti ile ile ya wiki iliyopita." Wakamcheka kila Alhamisi, naye akacheka nao na kunywa kahawa yake.

Na mkubwa wa baraza alikuwa Bwana Twalib, karani wa bandarini. Sauti nzito, ndevu zimechanwa, maoni hayaishi. Wimbo ukipigwa, Twalib hufumba macho. Ukiisha, huyafumbua taratibu ili wote wapate nafasi ya kumtazama. Neno lake alilolipenda lilikuwa kwamba mji huu umekosa sauti. "Waimbaji wa kike wamekwisha," alisema. "Waliobaki wanapiga kelele. Hawana pumzi, hawana uchungu." Alisema hivyo wiki baada ya wiki, na hakuna aliyempinga, kwa kuwa kahawa mara nyingi alinunua yeye.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yangu ilikuwa tofauti na ya fundi mwingine yeyote mjini.

Mnajua harusi zetu. Siku ya kupamba bibi harusi wanawake hukaa peke yao, huweka buibui zao pembeni, huimba na kucheza, na mwanamume hatii mguu. Kaseti zilipoenea, wanawake wakaanza kujirekodi humo ndani. Nao wakataka nakala. Wangempelekea nani? Fundi wa kiume akinakili, amesikia, na sauti ile haikuimbwa kwa ajili yake. Basi waliniletea mimi. Nilikuwa nikinakili kwa hedifoni, spika imezimwa, na kaseti hizo hazikuandikwa jina la mtu. Kila moja ilifungwa uzi mwekundu. Mtu yeyote dukani akiona uzi mwekundu, mkono wake hugeuka. Sheria ya Mzee Shali ilikuwa hii: uzi hufunguliwa kaseti ikiwa tayari mdomoni mwa mashine, si mezani.

Alhamisi moja nilifungua mezani.

Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kaseti nne za harusi, nami nilikuwa mjuaji, ugonjwa unaompata mfanyakazi akifika mwaka wa tano. Twalib alikuwa ameniachia kaseti yake ya ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, nimnakilie. Zote zilikuwa za aina moja, nyeupe, hazina maandishi. Alipopita kuchukua yake, nikampa ya harusi. Akaenda nayo barazani, hatua tatu, akampa Mzee Shali. "Wiki hii," akasema, "nimekuwa nikisikiliza ganuni peke yake. Tulieni."

Ikatoka sauti ya mwanamke.

Nilijua papo hapo. Nilijua harusi ile, na nilimjua mwimbaji. Mkitaka kujua nilichoogopa, nitawaambia: wanawake wa mji mzima walikuwa wameniamini mimi na uzi wangu. Likijulikana hili, hakuna tena atakayeniletea kitu, na Mzee Shali atanifukuza, tena kwa haki. Lakini hilo lilikuwa dogo. Mwanamke aliyekuwa akiimba, mbele ya wanaume saba, mtaani, alikuwa Zuhura. Shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Mke wa Twalib.

Nilitaka kukimbilia mashine nikaogopa kwamba nikikimbia watauliza kwa nini. Nikatembea. Kufika pale nikakuta Mzee Shali amekwisha ingia stoo kutafuta santuri ya zamu inayofuata. Bwana Kazungu alikuwa amesikia vigelegele nyuma ya wimbo, akatambua hapana kicheko cha mwanamume hata kimoja, akaweka kikombe chini akasimama. "Hii si yetu," akasema, akaondoka zake kwa heshima. Mkristo wa bara ya Kilifi alielewa. Wale mabingwa watano wa taarabu waliendelea kutikisa vichwa.

Na Twalib? Twalib alikuwa amefumba macho, na kwa mara ya kwanza hakuwa akijionyesha. Machozi yalikuwa yakimshuka hadi ndevuni. Nikangoja wimbo umalizike, maana kuukata katikati kungezua maswali, nikabonyeza kuzima pale pale, kwa sababu nilijua kinachofuata kwenye kaseti ile si wimbo, ni maneno.

"Nani huyu?" akaniuliza. "Bi Mwanaisha, wallahi, nani huyu?"

"Imechanganyika na mzigo," nikasema. "Ni ya watu. Imetoka mbali."

"Mbali wapi?"

Sikuhitaji kujibu, wenzake walinisaidia. Mmoja akasema ni sauti ya Pemba, haina shaka. Wa pili akasema Ngazija, sikilizeni anavyovuta herufi. Wa tatu akaapa kuwa amepata kumwona kwa macho yake akiimba, mwanamke mrefu, mweupe, ana kidoti shavuni. Zuhura ni mfupi, mweusi, na shavuni alikuwa na alama ya ndui. Twalib akapangusa uso. "Nimekuwa nikisema," akasema. "Sauti zipo, ila hazipo kwetu. Wake zetu wangeletewa hii wakasikia kuimba ni nini."

Haki ya Mungu, alisema hivyo.

Kesho yake asubuhi, Twalib akiwa bandarini, nilikwenda kwake Kibokoni kukiri. Zuhura alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Nikamwambia yote, nikilia. Nilitazamia anifukuze. Akaacha kukuna.

"Walisikia wangapi?"

"Saba. Kazungu aliondoka."

"Mungu amjaze heri Kazungu. Walinijua?"

"Hakuna."

"Na yeye?"

Nikatikisa kichwa. Nikamweleza machozi, nikamweleza ndevu, nikamweleza na lile la wake zetu wangeletewa wakasikia. Zuhura alicheka mpaka chicha ikamwagika. Alicheka, akashika ubavu, akacheka tena, halafu ghafla akaweka kifuu chini na uso ukabadilika.

"Juzi magharibi nilikaa hapa hapa," akasema. "Nakuna nazi, naimba huo huo. Akapaza sauti toka ukumbini: 'Mama Fatma, hebu punguza sauti, nasikiliza taarabu.'"

Nilisema tu nitamwambia Twalib, nimalize makosa yangu.

"Thubutu!" akasema. "Wale wengine sauti yangu hawana haki nayo, na hilo nimekusamehe. Yeye ana haki. Wanaume wote waliokaa barazani pale, ni yeye tu aliyeruhusiwa kunisikia, na ni yeye asiyenijua. Basi usimwambie. Nataka anijue mwenyewe."

Akanipa nakala yake ya kaseti ile nikae nayo, imefungwa uzi. Nikaitia ndani ya mtoto wa meza yangu.

Mzee Shali hakunigombeza. Alikuwa ameona uzi mmoja mwekundu juu ya meza yangu siku ile, na kaseti yake haipo. Kesho yake nilikuta amepigilia msumari ubavuni mwa mashine, wa kutundikia nyuzi. Msumari huo upo mpaka leo, na nyinyi mwatundika funguo za choo.

Twalib aliitafuta sauti ile miaka. Nilimwambia kaseti imerudi kwa mwenyewe, akanisihi, akaacha, akaanza tena. Aliwatuma watu Zanzibar. Akirudi nyumbani hulalamika kwa mkewe kwamba haipati, na Zuhura humwambia, "Pole, baba Fatma. Endelea kutafuta." Kila tulipokutana mimi na Zuhura, aliniuliza kwa macho tu, nami nikamjibu, bado hajakujua. Mwanzo tulikuwa tukicheka. Baadaye hatukucheka sana. Miaka kumi ni mzaha, lakini thelathini si mzaha tena. Nikamwambia, "Zuhura, mwambie basi." Akasema, "Nimechelewa. Nikimwambia sasa, nitakuwa nimemwomba masikio badala ya kupewa."

Santuri zikaisha, kaseti zikaisha, zikaja sidii, zikaja flashi, Mzee Shali akatangulia mbele ya haki, na baraza ikahamia kwenye simu. Mwalijua lile kundi la WhatsApp, maana mwanicheka nikilisoma: "Wiki Hii Nasikiliza Nini". Mwanamke ni mimi peke yangu humo. Walitaka mtu wa kuwatafutia nyimbo, kama kawaida. Uongo ni ule ule, ila sasa una picha. Mtu atatuma picha ya santuri aliyoirithi, hana hata sindano ya kuipigia. Bwana Kazungu, mstaafu, yuko kwao Kaloleni, huandika: "Kwaya yetu. Ile ile." Na Twalib, kila baada ya miezi kadhaa: "Jamani, hakuna aliyebahatika kuipata ile sauti?"

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, Zuhura aliugua siku tisa akafariki. Mungu amrehemu. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Nilimpenda, na bado naanza kupiga namba yake nikipata umbea mzuri.

Twalib akanyamaza kundini. Alhamisi zikapita, wenzake wakajisifu kwa zamu, yeye hakuna. Halafu, wiki yangu ya mwisho dukani, akaandika: "Sijasikiliza kitu. Nikifungua redio naona ni kelele tupu. Nyumba imekuwa kimya, sikuwahi kujua ni kimya namna hii. Ningekuwa na ile kaseti ya kwa Bi Mwanaisha ningeisikiliza."

Nilisoma mara nne. Zuhura alitaka amjue mwenyewe. Nilikuwa nimelitunza neno hilo kuliko nilivyotunza masikio ya kaseti yoyote. Lakini nilijiuliza, namtunzia nani? Nikamwandikia Twalib peke yake: "Njoo dukani kesho baada ya alasiri."

Mlimwona akija na bakora. Niliwatoa nje kwa sababu sauti ile si yenu, na hata wasichana waliokuwepo niliwatoa kwa ajili yake yeye. Nilisafisha kichwa cha mashine kwa spiriti. Nikatia kaseti mdomoni kwanza, kisha ndipo nikafungua uzi, nikautundika kwenye msumari. Nikamvika hedifoni.

Alifumba macho. Nilikuwa nikimtazama usoni kama natazama mizani. Ubeti wa kwanza akatabasamu, akanyanyua kidole, ndiyo, ndiyo hii. Ubeti wa pili kidole kikasimama hewani. Akafumbua macho akanitazama. Sikumwambia kitu, wallahi sikumwambia. Akashusha kidole, akazibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa imenyamaza wiki kumi, nadhani ndiyo iliyomfundisha kuijua sauti ile.

Wimbo ukaisha. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kwenye kitufe cha kuzima. Nikaurudisha.

Maneno yanayofuata nayajua kwa moyo. Wanawake wanapiga kelele aimbe mwingine, na Zuhura anacheka, anasema: "Niacheni mashoga, naenda zangu. Baba Fatma akirudi asiponikuta hanywi chai. Hajui hata sukari iko kopo gani."

Twalib akavua hedifoni. Hapo ndipo mlipomwona. Alilia kwa sauti, mzee yule, bila kujificha uso.

"Nilikuwa nikimwambia apunguze," akasema.

"Najua."

Akakaa. Akapangusa ndevu kwa mkono wa kanzu. Kisha akasema taratibu, "Na sukari, ni kweli. Mpaka leo sijaiona."

"Kopo la maziwa," nikamwambia. "Rafu ya chini, nyuma ya majani ya chai."

Nilirudisha utepe mara tatu. Magharibi ilipokaribia nikafunga uzi mwekundu, nikamtilia kaseti mfukoni pamoja na redio ndogo ya kaseti, ile mliyokuwa mkiitafuta. Msiitafute tena.

Alhamisi iliyofuata kundi lilichangamka. Mmoja wiki nzima alikuwa na udi mtupu. Mmoja alituma picha ya santuri. Kazungu, kwaya ile ile. Jua lilipokuwa likizama likaingia jina la Twalib, na mimi niliyewauzia wote kwa miaka yote hiyo, najua nani husikiliza nini, nikajua huyu leo hasemi uongo. Aliandika:

"Wiki hii nasikiliza kaseti moja tu. Msiniombe. Simwazimi mtu."